Ilihesabu Hadi Thelathini na Nane

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nalisema mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa sababu mtu aliyekuwa na haki zote za kulitangaza mtaa mzima ni Kinyozi, na Kinyozi amekataa. Amelinyamazia kama mtu aliyemeza kifungo cha shati. Sasa ningemngoja nani?

Kinyozi ni rafiki yangu, na duka lake limepakana na langu ukuta kwa ukuta. Mimi ni fundi wa mashine za fotokopi. Ofisi zikikwama karatasi wananiita, nalala chali sakafuni na tochi mdomoni, nachomoa kipande kidogo kama ukucha, mashine inaamka, na mkuu wa ofisi ananishukuru kana kwamba nimemfufua mjomba wake. Hiyo ndiyo kazi. Kamera ni ugonjwa.

Ninazo kumi na nne, zote za filamu, na hakuna hata moja iliyozaliwa baada yangu. Nyingine nilizitoa kwenye studio zilizofungwa, nyingine kwenye droo za wajane waliokuwa wanatafuta pa kuweka vijiko. Ipo ya boksi, ambayo unaitazama kutoka juu kama mtu anayechungulia kisima. Ipo yenye mfuko unaokunjuka kama kinanda. Hiyo naiita Bibi Kikohozi, kwa ajili ya mlio wake. Ipo Mheshimiwa, ambaye anafungua mdomo vizuri sana halafu hatoi kitu. Na ipo Chuma. Chuma ni nyeusi, rangi imebanduka kwenye kona zote nne, na ikikuponyoka mkononi unaihurumia sakafu. Watu huniuliza kama ni za kupamba kabati. Natumia zote. Hata Mheshimiwa kila mwaka nampa filamu moja, huenda amejirekebisha.

Sasa, kamera hizi zina jambo moja ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo hamtaelewa nilivyojimaliza. Filamu unaiweka kwa mkono. Unafungua mgongo wa kamera, unaweka kopo la filamu kushoto, unavuta ulimi wake mpaka kulia, unauchomeka kwenye ufa wa kigurudumu, unafunga. Baada ya hapo, kila ukimaliza picha moja, unavuta wenzo kwa kidole gumba ili filamu isogee. Ulimi ukiwa umeshika, kitufe kilicho juu upande wa kushoto nacho kinazunguka, kwa sababu filamu inatoka kwenye kopo. Ulimi ukiwa umechomoka, kitufe kinasimama tuli. Filamu iko nyumbani kwake, imelala.

Lakini kihesabio cha picha hakisimami. Chenyewe kinaendelea: moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na sita, ambazo ndizo picha za filamu nzima. Kihesabio hakihesabu picha. Kinahesabu kidole chako.

Kosa hilo Kinyozi alilifanya miaka kumi na mmoja iliyopita. Aliazima kamera yangu siku binti yake anamaliza chuo, akapiga picha kutwa nzima, akawapanga wakwe, akawapanga walimu, akapanda juu ya kiti. Nilipoisafisha ile filamu ilikuwa nyeupe kama kucha za mtoto. Tangu siku hiyo nikamwita Mpiga Hewa. Akiwa na mteja kitini napita mlangoni nasema, "Mpiga Hewa, hakikisha mashine imeshika nywele!" Wateja walikuwa hawaelewi, lakini walikuwa wanacheka, na yeye alikuwa anatikisa kichwa tu. Miaka kumi na mmoja. Mtu mwingine angenikata sikio.

Basi. Mama.

Mama alikuwa fundi cherehani miaka arobaini na miwili. Alitulea mimi na Dada kwa sindano moja na mguu mmoja, maana ule mwingine ulimuuma na alikanyagia cherehani kwa wa kulia peke yake. Ugonjwa ulipoanza kumpunguza alikataa picha kabisa. Ukimwelekezea simu anajifunika kanga usoni. "Mnataka kupiga picha hanga la nguo?" anauliza. "Hanga nyumba hii yapo mengi, nendeni kabatini." Miaka miwili hakuna picha yake hata moja, ila za vitambulisho na zile za hospitali, ambazo Dada alizipiga mwenyewe na hazionyeshi sura.

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Anafanya kazi hospitali, chumba cha eksirei. Ameona mifupa ya nusu ya mji huu na hajawahi kumsimulia mtu.

Siku moja Mama akamtuma Dada kitambaa cha buluu ya giza, mita nne. Akaanza kushona. Alikuwa anashona dakika kumi, analala saa tatu, anaamka, anashona dakika kumi nyingine. Wiki saba. Tulidhani ni gauni la mteja aliyebaki. Lilipokwisha likawa gauni lake mwenyewe, mikono mirefu ya kuficha alivyokonda, kola ya kuficha shingo, vifungo vidogo mbele vilivyofunikwa kwa kitambaa kilekile, kimoja kimoja. Akatuita wote wawili.

"Nitapigwa picha," akasema. "Mara moja, kwa kamera moja. Nikichoka, basi. Msinirudie tena."

Nikaenda na Chuma.

Tulimkalisha karibu na dirisha, kando ya cherehani yake, mkono mmoja juu ya gurudumu. Dada alishika shuka jeupe upande wa pili ili mwanga urudi usoni. Halafu nikamwona anatoa simu.

"Dada, weka hiyo simu."

"Moja tu, ya tahadhari."

"Tahadhari ya nini? Umeona nimekuja na tofali? Mama amesema kamera moja."

"Wewe na hayo makumbusho yako..."

"Mkianza kugombana," Mama akasema, "navua gauni nalala. Vifungo vyenyewe ishirini na viwili, na sivifungi tena."

Dada akaitia simu kwenye droo ya nyuzi, akaifunga.

Nikaweka filamu. Nilikuwa naongea. Nikiweka filamu huwa siongei, na wengine huwa nawaambia wasiongee, lakini siku hiyo Mama alikuwa ameanza kuinamisha kichwa na nilitaka acheke kabla hajachoka. Nilimwambia gauni lile likionekana mjini wachumba watapanga foleni mpaka kwa Kinyozi. Akasema foleni ya Kinyozi anaijua, ni ya watu watatu na mmoja wao amekuja kuchaji simu. Tukacheka. Nikafunga mgongo wa Chuma huku nacheka.

Mle ndani mwanga ulikuwa mdogo, na mwanga ukiwa mdogo kamera lazima iache mlango wazi kitambo. Mtu akisogea, akiongea, sura inavurugika. Kwa hiyo nilikuwa mkali kuhusu kutulia. Kama picha ya kumi hivi, Mama akainua kidole kutoka kwenye gurudumu, akaninyooshea mimi au kamera, sijui.

"Mwanangu, hicho cha upande..."

"Nyamaza kidogo, mama yangu, utanitikisia picha."

Akanyamaza. Mbele kidogo akainua tena kile kidole, akafungua mdomo.

"Shhh. Mrembo haongei."

"Haya, fundi," akasema, akamtupia Dada jicho, na midomo yake ikabaki inacheka upande mmoja. Uso ule niliupiga mara nyingi. Kidevu juu, jicho moja limepungua kidogo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na kicheko cha upande mmoja. Nilijua nimeupata. Mtu anayepiga picha anajua. Kihesabio kikafika thelathini na sita, nikavuta wenzo, ukaenda. Thelathini na saba. Ukaenda. Thelathini na nane.

"Chuma leo amefurahi," nikasema. "Ametoa na nyongeza!"

Filamu ya thelathini na sita ikifika mwisho inagoma. Wenzo unakataa, kabisa, hata ukivuta kwa hasira. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Nikaita nyongeza.

Mama alifungua vifungo ishirini na viwili akalala. Baada ya siku kumi na tisa hakuamka.

Kuhusu mazishi sina mengi. Nakumbuka mtu aliyekuwa mbele yangu shati lake lilikuwa limefungwa vibaya, kifungo cha tatu kwenye tundu la nne, na nilikaa nikifikiri Mama angelivumilia lile shati kwa dakika ngapi. Watu walilia. Dada alilia akashikwa na wawili. Mimi nilisimama kama mlingoti. Jamaa mmoja akaniambia, "Umejikaza kiume, ndugu yangu." Sikuwa nimejikaza. Hakukuwa na kitu cha kukazia.

Ikaendelea hivyo. Nilikuwa nakwenda kazini, nalala chini ya mashine, natoa karatasi. Nilikuwa nakula kwa sababu saa imefika. Chai niliijua ni moto kwa kuona moshi. Utani uliendelea pia, ulikuwa unatoka wenyewe, kama bomba bovu. Kinyozi aliniuliza siku moja, huku ananoa wembe, "Wewe, umeshalia?"

"Macho yangu hayana filamu," nikamwambia.

Alicheka. Mimi nilimtazama akicheka nikashangaa nimesema nini.

Lakini nilikuwa na mpango. Nilijiambia kwamba nikisafisha ile filamu, nikaichapa, nikaitia karatasi kwenye maji ya dawa na kuuona ule uso unapanda polepole kutoka kwenye weupe, kidevu, jicho, kicheko, hapo nitalia. Ndiyo maana sikuisafisha. Niliogopa kitu kimoja: uso utokee, unitazame, na mimi nibaki hivihivi. Mtu akibakiwa na dawa moja haiharakishi kuinywa. Kwa hiyo Chuma ilikaa kabatini na filamu tumboni, miezi mitano, imeandikwa thelathini na nane kichwani.

Dada alikuwa anapiga simu kila wiki.

"Bado?"

"Bado. Dawa nimeagiza."

"Bado?"

"Maji yamekatika."

"Bado?"

"Dada, mambo mazuri hayataki haraka."

Mara ya mwisho hakuuliza. Alisema, "Mdogo wangu, nisikilize. Kila nikifumba macho namwona kitandani, na ule mpira puani. Nimejaribu kumkumbuka ndani ya lile gauni, haji. Gauni lipo nyuma ya mlango wangu, nalitazama, halina mtu. Mimi nataka ile picha. Jumamosi nakuja, iwe tayari isiwe tayari." Akakata.

Akiniita mdogo wangu ujue hakuna mzaha tena.

Ijumaa mchana nikafunga duka, nikatundika blanketi dirishani bafuni, nikapanga makopo ya dawa ukingoni mwa sinki. Kisha nikaichukua Chuma. Kabla ya kufungua kamera lazima uirudishe filamu kwenye kopo lake, kwa kuzungusha kile kitufe cha kushoto. Filamu nzima ina uzito wake. Unazungusha, unaisikia ikijivuta, inakukataa kidogo, mizunguko mingi, mpaka mwisho unasikia imechomoka na mkono unakuwa mwepesi.

Nikazungusha. Mkono ulikuwa mwepesi tangu mwanzo. Nusu mzunguko, kikaenda chenyewe kama feni.

Nikasimama. Nikazungusha tena, kana kwamba kitufe kitafikiri upya.

Mkono wangu ulijua palepale. Mimi sikutaka kujua, nikaendelea. Nikazima taa, nikaifungua filamu gizani, nikaiviringisha kwenye kopo la kusafishia, nikamimina dawa ya kwanza, nikatikisa kila nusu dakika, nikamwaga, nikamimina ya pili, nikatikisa. Nilifanya kila kitu kwa kipimo, kama mtu anayempikia chai mgeni aliyekwisha kuondoka. Nikaosha. Nikaivuta, nikaiinua kwenye taa.

Nyeupe. Mwanzoni palikuwa na ulimi mweusi, sehemu ile iliyoona mwanga nilipokuwa naiweka. Baada ya hapo nyeupe, mita moja na nusu, safi, na pembeni namba za kiwanda zilizojipanga vizuri: moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na sita. Namba zote zilikuwepo. Mama hakuwepo.

Nikaitundika ikauke. Sijui kwa nini, huwa natundika. Nikageuza ndoo nikakaa. Nikangoja kitu kije, kilio, hasira, chochote. Nilihesabu vigae vya ukuta wa mbele, vilikuwa tisini na sita, kimoja kimepasuka. Nikahesabu tena. Kimoja kimepasuka.

Kinyozi alinikuta hivyo. Alikuwa amekuja kuazima bisibisi, akaona duka limefungwa, akapitia mlango wa nyuma. Akaingia bafuni, akaona filamu inaning'inia. Akaishika kwa kingo, kama nilivyomfundisha mwenyewe, akaitazama kwenye taa kutoka juu mpaka chini.

Nilimngoja. Nilikuwa nimemwandalia nafasi kabisa. Miaka kumi na mmoja, bwana, mtu huyu alikuwa na maneno yamepangwa kama matofali. Kama angesema "Karibu kwenye chama" ningemwelewa. Kama angepiga vigelegele mpaka barabarani ningemwelewa.

"Ya Mama?" akauliza.

"Ya Mama."

Akaiacha taratibu isiguse ukuta. "Hebu njoo," akasema. "Ndevu zako zinatisha watoto. Kesho Dada yako anakuja."

Akaninyoa. Aliniwekea taulo la moto usoni, na chini ya lile taulo nikafikiri: hapa ni mahali pazuri pa kulia, hakuna anayeona. Nikajaribu hata kukunja uso. Taulo likapoa.

Usiku ule nilitunga uongo. Nilikuwa na uongo wa aina tatu: filamu ilikuwa ya zamani, kamera inavuja mwanga, au dawa imeisha nguvu. Nikachagua dawa, kwa sababu dawa haina uso, wala haijibu.

Dada alikuja saa nne asubuhi, na sare ya kazini bado iko mwilini. Alikuwa amebeba fremu. Sikutegemea fremu. Ilikuwa ya mbao, kubwa, kioo chake kimefungwa gazeti. Akaiegemeza ukutani, chini ya kabati la kamera, akakaa.

"Haya," akasema. "Nionyeshe Mama."

"Dada, kabla hujakaa vizuri..."

"Nimeshakaa vizuri."

"Filamu imeharibika. Ile dawa ilikuwa imezeeka. Imekaa muda mrefu, ikaisha nguvu, ikashindwa kutoa picha. Hata mimi nimesikitika sana."

Alinitazama kama anavyotazama watu wanaomwambia hawakuanguka, waliteleza tu.

"Ilete."

"Haina kitu, Dada, hamna haja ya..."

"Nimesema ilete."

Nikaileta. Akavaa miwani, akasogea dirishani, akainyoosha kwa vidole viwili kila upande bila kuigusa katikati. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimemsahau dada yangu ni nani. Kabla hospitali haijaletewa mashine za kompyuta, yule mwanamke alikuwa amesafisha filamu za mbavu na nyonga za watu ndani ya chumba cha giza kwa miaka tisa.

"Hizi namba za pembeni," akasema, "zimeandikwa na nani?"

"Kiwanda."

"Kwa wino?"

"Kwa mwanga."

"Na zinaonekana baada ya kutiwa dawa."

"Ndiyo."

"Dawa hiyohiyo iliyozeeka."

Nikaanza kukaza kifuniko cha chupa ya gundi iliyokuwa mezani.

"Yaani dawa imeona namba ndogo kama mchwa," akasema, "ikashindwa kumwona Mama, mwanamke mzima, na gauni lake?" Akasogeza filamu mpaka mwanzo wake. "Na hapa ni peusi tii. Dawa yako ni nzima kabisa, mdogo wangu. Mwanga uligusa hapa ukaishia hapa. Filamu hii haijawahi kutoka kwenye kopo lake."

Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Haikushika," nikasema. "Nilipoiweka, ulimi ulichomoka."

"Kwa hiyo picha zote..."

"Hakuna. Tumepata thelathini na nane za hewa safi."

Hakucheka. Sijui kwa nini nilisema. Aliikunja filamu mara moja, mara mbili, akaiweka mezani karibu na chupa ya gundi, na akakaa mikono imelala mapajani. Nilidhani atalia. Hakulia pia. Tulikuwa wawili sasa.

"Miezi mitano," akasema. "Umeniambia dawa. Umeniambia maji."

"Nilikuwa sijui, Dada. Wallahi nimejua jana."

"Nilikuwa na simu mkononi."

"Mama alisema kamera moja."

"Alisema kamera moja kwa sababu alijua utaleta yako. Alishona gauni wiki saba akijua utaleta yako."

"Sasa unataka nifanye nini? Unataka nizitupe? Nizitupe zote, haya, leo hii!" Nikafungua kabati. Sauti yangu ilikuwa imepanda, lakini nilikuwa naisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. "Hata Kinyozi yalimkuta. Yanamkuta kila mtu. Chuma haijanidanganya hata siku moja tangu niipate, nitaishuku vipi?"

"Huyo Chuma usimtupie lawama. Nauliza wewe ulikuwa wapi."

"Nilikuwa hapo! Unafikiri ni rahisi? Ukiwa nyuma ya kamera huoni kitu, jicho moja limefumba, jingine liko kwenye tundu, unamwona mtu wako tu." Nikaichukua Chuma nikamwelekezea, nimwonyeshe, nikagusa kitufe cha kushoto kwa kidole. "Njia ya kujua ni moja tu. Hiki hapa, unakiona? Kila nikivuta wenzo, hiki kinatakiwa kizunguke. Kisipozunguka, filamu haitembei. Lakini kimekaa juu, kinamtazama aliye mbele, si mimi. Mimi sikioni. Wewe ulikuwa umeshika shuka, hukukiona. Hakuna mtu mle ndani ambaye angekiona!"

Dada alisogea karibu. Alikuwa anakitazama kitufe. Nilivuta wenzo ili nikamilishe ushahidi wangu, kra-a-a, na kwa kuwa kamera ilikuwa tupu kitufe kilibaki tuli, na kihesabio, kilichorudi mwanzo nilipofungua mgongo, kikaandika moja. Alikitazama kidole changu, akatazama kitufe, akavua miwani. Midomo yake ilitikisika kidogo kama mtu anayesikiliza maneno ya mtu mwingine akiyarudia ndani kwa ndani.

"Niambie," nikasema. "Nani angekiona?"

"Mama alikiona," Dada akasema. "Miaka arobaini na miwili akitazama kigurudumu cha uzi kama kinazunguka au uzi umekatika. Alitaka kukwambia mara mbili hicho cha upande hakizunguki, ukamnyamazisha asikutikisie picha."